Unga wa kinu kimoja cha Kampemba na kibao chake cha «kinga ya kansa»

Mlangoni mwa kinu kimoja cha mahindi katika komini ya Kampemba, mjini Lubumbashi, Kongo, upande wa Bel-Air, kimetundikwa kibao chenye herufi nyekundu: «Unga safi, kinga ya kansa». Maneno hayo ndiyo yanayowavuta wateja wengi, na mimi pia yalinivuta, ingawa nilikuja na swali badala ya imani: je, mwenye kinu anaweza kutamka jambo hilo bila kuwadanganya watu? Nimenunua hapo unga na karanga msimu mzima wa mvua, nimesimama kwenye meza ya kuchagulia mahindi, nimeuliza maswali mpaka wafanyakazi wakanizoea. Jibu langu ni kwamba kibao kimevuka mpaka, lakini kazi inayofanyika nyuma yake ina uzito kuliko wateja wengi wanavyodhani, na kwa saratani ya aina moja hasa, ile ya ini, mwenye kinu ameshika njia iliyo sahihi. Jina la kinu nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa yapo mambo nitakayoyalaumu na mwenyewe hayupo hapa kuyajibu.

Unga na saratani hukutana kwenye kuvu. Mahindi na karanga zikihifadhiwa na unyevu, au zikipigwa na ukame zingali shambani, huota kuvu ya rangi ya kijani inayoelekea manjano, ambayo wataalamu huiita Aspergillus flavus. Kuvu hiyo huacha ndani ya punje sumu iitwayo aflatoksini, yaani sumukuvu. Ilianza kujulikana mwaka 1960, pale nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Haina ladha wala harufu, na moto wa jikoni haufui dafu mbele yake, kwa sababu huvumilia joto linalozidi nyuzi 200, hali bukari, yaani ugali wetu, tunaisonga katika maji yanayochemka, ambayo kwetu Lubumbashi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, hutokota hata kabla ya kufikia nyuzi 100. Kwa hiyo mama anayesema kwamba mahindi yenye kuvu «yataiva tu na uchafu utakufa» anasema kweli kuhusu kuvu, lakini sumu iliyokwisha kuachwa ndani ya punje itabaki na kufika mezani.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo hakuna shaka tena kwamba husababisha saratani kwa binadamu, pamoja na moshi wa tumbaku na pombe. Ini ndilo linalobeba mzigo. Vimeng'enya vyake, vinapojaribu kuivunja sumu hiyo ili itoke mwilini, huigeuza kuwa kitu kinachojibandika kwenye DNA ya seli, na mara nyingi kovu lake limeonekana kwenye jeni la p53, ambalo kazi yake ni kuzuia seli zisizaliane ovyo. Jambo zito zaidi ni ushirika wake na kirusi cha homa ya ini aina ya B. Utafiti uliofuatilia wanaume zaidi ya 18,000 wa Shanghai, na matokeo yake kuchapishwa miaka ya 1990, ulionyesha kwamba mtu mwenye dalili za sumukuvu peke yake alikuwa na hatari ya saratani ya ini takriban mara 3 kuliko asiye nayo, mwenye kirusi peke yake takriban mara 7, na aliyekuwa na vyote viwili takriban mara 60. Mkongo mla bukari anapaswa kuisoma hesabu hiyo taratibu, kwa sababu kirusi hicho kimeenea katika nchi yetu, na mahindi tunayala kila siku ya Mungu.

Wala jambo hili si la maabara za mbali. Mwezi wa nane mwaka 2024 serikali ya Zambia ilitangaza kwamba mbwa wapatao 400 walikuwa wamekufa, na kwamba katika sampuli 25 za unga zilizochukuliwa kwenye viwanda vya kusaga, 10 zilikutwa na aflatoksini ya kiwango cha juu. Ukame mkali wa msimu ule ulikuwa umeyachosha mahindi yakiwa bado mashambani. Sisi hatukupaswa kuisikiliza kama habari za jirani, kwa maana mahindi mengi na unga mwingi tunaokula hapa huingia kwa malori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya nchi ya Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Hao waliuawa na kipimo kikubwa kwa wakati mmoja. Saratani hutokana na kipimo kidogo kinachorudi mezani miaka na miaka, na ndiyo maana hakuna anayelaumu gunia.

Sasa nirudi Bel-Air. Mahindi yanapofika, kijana mmoja huchoma gunia kwa bomba jembamba la chuma, akatoa punje za juu, za katikati na za chini, akazimimina katika kifaa cha kupimia unyevu kilichokaa juu ya mizani. «Mama, soma mwenyewe,» aliniambia mara ya kwanza nilipouliza, akanigeuzia kioo: 12.6. Kanuni yao ni kwamba gunia lolote linalozidi asilimia 13 halipandi ghalani. Linarudi kwenye vichanja vya kuanikia. Kanuni hiyo ni nzuri, tena ndiyo inayofundishwa na wataalamu wa uhifadhi wa nafaka. Nililopenda zaidi ni kwamba hawapimi juu ya gunia peke yake. Mchuuzi mjanja huweka mahindi makavu juu na yale yaliyonyeshewa chini, na mnunuzi anayetia mkono kwenye mdomo wa gunia hupata ushahidi aliouandaliwa.

Anayenunua mahindi mazima sokoni na hana kifaa kama kile anaweza kutumia chupa. Tia chumvi kavu vijiko viwili au vitatu katika chupa ya kioo iliyokauka kabisa, jaza mahindi mpaka theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja hivi, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandia kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Njia hii haikuonyeshi sumu. Inakuonyesha tu kama kuvu itapata maji ya kuishi. Hata hivyo ni bora kuliko kung'ata punje, kwani meno ya kila mtu yana sheria zake.

Baada ya unyevu inafuata meza ya kuchagulia, na hapa ndipo pesa ya mteja inapotumika vizuri. Ni meza ndefu ya mbao iliyopakwa rangi nyeupe, chini ya dirisha kubwa, na wanawake wanne hukaa pande zake mbili huku mahindi yakimiminwa kidogo kidogo katikati. Vidole vyao haviokoti punje nzuri, vinaziacha zipite. Vinachokamata ni punje iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, iliyosinyaa, na ile yenye unga wa kijani au weusi karibu na kiini. Mmoja wao, mtu mzima ambaye wenziwe humwita Yaya, aliniwekea punje mbili kiganjani ambazo mimi niliziona sawa. Akazigeuza. Ya pili ilikuwa na ufa mwembamba kama uzi upande wa kiini, na ndani ya ufa mlikuwa na ukungu wa kijani usiozidi ncha ya sindano. «Weupe usikudanganye, mama,» akasema, «anza na kiini.»

Uchaguzi huo unaweza kuonekana kama urembo wa biashara, lakini una sababu ya kisayansi ambayo wengi hawaijui: sumukuvu haisambai sawasawa katika gunia. Punje chache zilizoharibika hubeba sehemu kubwa ya sumu yote, na nyingine nyingi karibu hazina kitu. Kwa hiyo kuondoa ndoo moja ya punje mbovu katika gunia kunapunguza hatari kuliko ukubwa wa ndoo unavyoonyesha. Kwa sababu hiyo hiyo kipimo cha kibaba kimoja kilichookotwa juu juu kinaweza kusema gunia ni salama wakati si salama, na mwenye kinu anayeonyesha karatasi ya maabara bila kueleza sampuli ilichukuliwaje ametoa nusu ya habari. Mwenye kinu wetu, kwa bahati mbaya, hana hata hiyo nusu. Nilipoomba matokeo ya maabara nilijibiwa kwamba «mahindi yetu yanajulikana». Kwa mtu aliyeandika neno kansa mlangoni kwake, jibu hilo halitoshi. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo kanuni zake za mahindi zinaweka kikomo cha mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na 5 kwa ile aina ya B1 iliyo mbaya kuliko nyingine. Kipimo kimoja kwa kila shehena, kibandikwe ukutani na tarehe yake, kingempa haki ya kuzungumza.

Hatua ya tatu ni kukoboa. Hapo punje huvuliwa ganda na kiini kabla ya kusagwa, na kwa kuwa sumu hukaa zaidi katika sehemu hizo za nje, unga unaotoka huwa nayo kidogo zaidi. Hili ni kweli, na kinu kinalisema kwa sauti kubwa. Kisilolisema ni kwamba pumba iliyoondoka imekwenda na nyuzinyuzi na vitamini, na nyuzinyuzi hizo ni miongoni mwa vitu vinavyopunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Yaani ukikimbia mbele ya ini unaweza kujikwaa kwenye utumbo. Mimi nimeamua kuchukua unga uliokobolewa na kutafuta nyuzinyuzi mahali pengine, kwenye maharage, lengalenga, matembele na sombe, ambavyo kwa vyovyote bukari haishuki bila kimojawapo. Anayependa unga wa mahindi mazima asishangae nikimwambia kwamba yeye ndiye anayehitaji uchaguzi wa meza nyeupe kuliko mimi, kwa sababu atakula na ganda.

Upande wa chakula chenyewe sina malalamiko. Unga ni laini bila kuwa vumbi, haunuki gunia, hauachi mchanga menoni, na bukari yake inashikana vizuri hata kwa msongaji mvivu. Ukiuchanganya na unga wa muhogo hupata mvutano ule tuupendao, na mchanganyiko huo una faida nyingine: muhogo uliokaushwa vizuri kwa kawaida hukutwa na sumukuvu kidogo kuliko mahindi, kwa hiyo kila kikombe cha muhogo ni kikombe cha mahindi ambacho hukukila. Katika eneo la Qidong, nchini Uchina, vifo vya saratani ya ini vilipungua hata miongoni mwa watu wazima waliozaliwa kabla ya chanjo kuanza, baada ya familia kuacha mahindi na kuhamia mchele kuanzia miaka ya 1980. Sitegemei Mlushois, yaani mkazi wa Lubumbashi, aache bukari, wala mimi sitaiacha. Ila nyumba ambayo wali, viazi vitamu au muhogo huchukua zamu mara chache kwa wiki inafanya jambo ambalo hakuna kinu kitaliuza.

Bei huzidi ya soko la Kenya, lile la komini ya Kenya hapa Lubumbashi, kwa takriban sehemu moja ya tano kwa mfuko wa kilo 25. Mwanzoni niliiona kali. Nikifikiria mishahara ya wanawake wanne wa mezani na punje zinazotolewa ambazo kinu kimekwisha kuzilipia, naiona inaeleweka. Anayenunua kwa meka moja moja, yaani kopo la kupimia la sokoni, kama wanavyofanya wengi wetu mwisho wa mwezi, ndiye anayeumia, kwa sababu kinu hakiuzi chini ya kilo 5. Basi unga uliochaguliwa unaishia kwa wenye pesa ya mfuko mzima, na watoto wa wanunuzi wa meka wanabaki na kile kilichobaki sokoni. Hapo mwenye kinu angeweza kubadili jambo moja tu, akaweka mizani ndogo mlangoni.

Karanga ni habari nyingine, na hapa alama zangu zinashuka. Karanga nzima wanazouza ni nzuri: zimekauka, hazikusinyaa, ngozi yake haina madoa, na zimewekwa katika magunia ya katani juu ya vichanja vya mbao badala ya sakafu. Utaratibu huo una ushahidi. Nchini Guinea, katika vijiji vya Kindia, watafiti waliwafundisha wakulima kuchagua karanga kwa mkono, kuzianika juu ya mikeka, kuzitia katika magunia ya nyuzi za mimea na kuyainua kutoka chini. Miezi mitano baada ya mavuno, kiwango cha sumukuvu katika damu ya watu wa vijiji hivyo kilikuwa chini ya nusu ya kile cha vijiji vilivyoendelea na desturi ya zamani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005, na vifaa vyote vilivyotumika vinapatikana katika soko lolote la hapa.

Siagi ya karanga ya kinu hicho hicho, kinyume chake, sitainunua tena. Inasagwa kwa mashine iliyo uani, na niliona kwa macho yangu karanga zilizopelekwa huko: zilikuwa vipande, nyingine nyeusi, nyingine zimesinyaa kama zabibu, yaani zile zilizokataliwa kwenye meza. Hukaangwa mpaka zikolee, na kukaanga kunapunguza sehemu ya sumu lakini hakuiondoi, kisha ladha ya moto na chumvi hufunika kila kitu. Katika karanga nzima mteja ana macho yake, katika siagi hana chochote. Nilipomuuliza msimamizi, alisema kwa upole kwamba kutupa chakula ni dhambi. Ninaielewa hoja yake katika mji ambao watu hulala na njaa, lakini siagi hiyo hupakwa kwenye mkate wa watoto na hutiwa katika uji wao, na mtoto ana ini dogo na miaka mingi mbele yake. Nunua karanga nzima, zichague mwenyewe juu ya ungo mahali penye mwanga, usihurumie iliyosinyaa, kisha uzisage nyumbani au umpelekee msagishaji na usimame hapo hapo.

Swali hilo la vilivyokataliwa linanisumbua pia upande wa mahindi. Ndoo za punje mbovu hununuliwa na wafugaji wa kuku na, kama nilivyoambiwa bila kufichwa, na wapishi wa lutuku, pombe kali ya kienyeji. Kuku na ng'ombe wanaolishwa sumukuvu hudhoofika, na katika maziwa ya ng'ombe sumu hiyo hutokea kwa sura nyingine, iitwayo aflatoksini M1. Lutuku kwa upande wake haihitaji mahindi mabovu ili iwe mbaya, kwa kuwa pombe yenyewe, ya kiwandani au ya uani, imo katika kundi lile lile la kwanza, nayo inahusishwa na saratani ya ini, ya koo, ya kinywa, ya utumbo mpana na ya matiti. Kinu kinachojivunia kinga kingeweza kuzitia punje hizo katika shimo la mbolea. Najua ni hasara. Ila kwa sasa sumu iliyotolewa kwenye mfuko wangu inazunguka nyuma ya nyumba na kumrudia jirani.

Uanikaji unastahili sifa. Mahindi yanayorudishwa kwa unyevu huanikwa ndani ya ua uliozungushiwa ukuta, juu ya turubai zilizoinuliwa, wala hayamwagwi kando ya barabara kama tuonavyo kwingine. Kwa mji wa migodi hilo si dogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi ndani ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi na viwanda vya kuyeyushia madini katika Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo wao, na mwaka 2022 jopo la Lyon liliiweka kobalti ya metali katika kundi la vitu ambavyo yaelekea sana vinasababisha saratani kwa binadamu. Sisemi kwamba mahindi yaliyoanikwa barabarani yatamletea mtu ugonjwa huo. Nasema tu kwamba vumbi letu lina mambo yake, na asiyelazimika kulila asilile. Ajabu ni kwamba wanaokaanga karanga za kinu hicho hufanya kazi katika chumba chenye dirisha dogo, juu ya mbabula mbili, yaani majiko ya makaa, na wanaosaga hawana hata kitambaa puani. Mwenye kinu aangalie na mapafu yaliyo ndani ya nyumba yake.

Kuhusu rafu iliyo karibu na mahali pa kulipia nitasema kwa ufupi. Kuna poda ya majani ya mstafeli, kuna poda ya mlonge, kuna chupa ya maji ya kahawia inayoitwa «kisafisha ini», zote zikiwa chini ya kivuli cha kibao cha mlangoni. Mlonge ni mboga nzuri, uliwe kama mboga. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichothibitishwa kwa binadamu kwamba huzuia au huponya saratani, na chupa ya kahawia ina hatari yake ya pekee, kwa sababu mchanganyiko usiojulikana hupita kwenye ini lile lile tunalotaka kulilinda. Mgonjwa mwenye uvimbe chini ya mbavu za kulia, macho ya manjano na mwili unaokonda anapopoteza miezi mitatu kwenye chupa hiyo kabla ya kumwona daktari, hakuna unga utakaomrudishia miezi hiyo.

Na kinga iliyo kubwa kuliko unga wote wa kinu haiuzwi pale. Ni chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kwa watoto wetu imo ndani ya sindano ya pamoja inayotolewa kwenye vituo vya afya wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na mzazi ahakikishe zote tatu zimeandikwa kwenye karatasi ya mtoto. Mtu mzima anaweza kupimwa damu, na asipokuwa na kirusi akachanjwa mara tatu ndani ya miezi sita. Kisiwa cha Taiwan kilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini miongoni mwa watoto ikapungua waziwazi katika miaka iliyofuata. Aliyechanjwa akapata kinga ametoka katika ile hesabu ya 60, hata kama bado anakula sumukuvu kidogo. Na aliyekwisha kupata kirusi ndiye ambaye unga uliochaguliwa unamfaa kuliko wote, pamoja na kuacha pombe na kufuatiliwa na daktari. Hilo ndilo ningependa kulisoma mlangoni mahali pa neno «kinga ya kansa», ambalo linamfanya mvuta sigara aamini kwamba amelipia usalama wake kwa faranga za unga. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuiliwa, lakini katika hizo tumbaku inatangulia, na unga hauna la kuifanya.

Kwa hiyo ninawapendekezea wasomaji unga wa kinu hiki, uliokobolewa, hasa kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu, wakati mahindi mapya hayajavunwa na yale ya zamani yamekaa ghalani huku mvua ikinyesha. Katika miezi hiyo chukua mfuko wa kilo 5 au 10 badala ya 25, hata kama unaona unapoteza kidogo kwa kila kilo, kwa sababu unga uliotoka kinuni ukiwa mkavu hunyonya unyevu wa nyumba kama kitu kingine chochote. Uweke katika ndoo yenye mfuniko unaobana, juu ya meza au matofali, mbali na ukuta unaotoa maji. Ukiona umeganda mabonge au umebadilika harufu, usiupepete ukaupika, wala usimpe kuku. Mifuko ya kinu ina nafasi ya kuandikia tarehe ya kusaga. Usio na tarehe ukatae, watakuletea mwingine bila ubishi, nimeshafanya hivyo. Karanga chukua nzima. Siagi na chupa ya kahawia uziache rafuni.

Kinu hufunguliwa saa mbili asubuhi. Anayetaka kuona mahindi yakichaguliwa afike kabla ya saa tano, kwa sababu baada ya hapo mashine ya kusaga huwashwa na meza hufunikwa.